Mkanda Alioogopa Kuulegeza

"Pokea simu ya watu, Famasi! Pokea, au nipokee mimi nimwambie umeshakufa!"

Askari Bomba alikuwa amelala chali kwenye mbao za handaki, buti miguuni, kofia usoni. Simu ilikuwa inatetemeka juu ya sanduku la dawa, na jina lililokuwa linawaka kwenye kioo ni lilelile la jana na juzi: Yaryna.

"Iache," Lukyan alisema.

"Niiache mpaka lini? Tangu cheri zinaiva mpaka leo theluji imeanguka, binti wa watu anapiga, wewe umekaa unaitazama kama kombora ambalo halijalipuka. Una mwanamke mwingine?"

"Sina."

"Basi kuna nini?"

Simu ikanyamaza. Mara ikaingia meseji. Lukyan akaigeuzia ukutani ili Bomba asiione.

"Lukyan, sitapiga tena. Kama ni mkono, ungesema tu. Ningelia, ingepita. Kunyamaza hivi ni kunidharau."

Aliisoma, akaisoma tena, akaizima simu. Halafu akaanza kupanga bandeji ambazo alishazipanga asubuhi.

Lukyan alikuwa tabibu wa kikosi, kijana wa miaka ishirini na minne, aliyekatiza masomo ya ufamasia kule Ternopil vita vilipochacha. Ndiyo maana redioni wakamwita Famasi. Yaryna naye alikuwa tabibu wa kikosi hichohicho, na redioni alikuwa Nyuki. Mapenzi yao yalianzia kwenye tope la handaki, wakigombana nani kaiba mkasi wa nani. Wiki moja wakawa wanagombana, wiki ya pili wanagombana huku wanacheka, wiki ya tatu kikosi kizima kikawa kinajua isipokuwa wao wenyewe.

Mlango wa turubai ukafunguliwa, Panas dereva akasukuma boksi ndani.

"Famasi, mzigo wako. Mama mkwe katuma tena."

"Si mama mkwe wangu."

"Mwambie yeye, mimi nabeba tu."

Ndani ya boksi mlikuwa na matango ya chumvi kwenye chupa za kioo, mafuta ya nguruwe yaliyopakwa kitunguu saumu, na mkate mweusi uliofungwa kwa taulo. Vimetoka kijijini kwa Stefania, mama yake Yaryna. Na kama kawaida yake, alikuwa ametuma na sauti kwenye simu. Bomba, mtu asiye na haya, akaiwasha simu ya Lukyan na kuicheza sauti hiyo kwa nguvu.

"Lukyan, mwanangu, kula. Usigawe yote. Kila Jumapili nakuwashia mshumaa kanisani. Isingekuwa wewe, leo ningekuwa napeleka maua makaburini. Kama humtaki tena binti yangu, basi, siwezi kukulazimisha, mimi nimeshakubali. Lakini wewe bado ni mwanangu. Kula, eti?"

Bomba alikuwa ameshafungua chupa.

"Mama kama huyu unamkimbia? Wewe una wazimu."

Lukyan alitoka nje kwenye baridi bila hata koti. Hakuwahi kuonja tango hata moja la yule mama, tangu boksi la kwanza. Kila akilishika lilimshinda.

Sasa jamani, nikwambieni kilichotokea, maana Lukyan mwenyewe hakuwa anamwambia mtu.

Ilikuwa Mei. Yeye na Yaryna walikuwa kwenye kona ya mbele kabisa ya handaki, wametoka kumwona askari mwenye homa. Ndege ndogo isiyo na rubani ikapita juu, ikarudi, ikaachia kitu. Lukyan alipofumbua macho, Yaryna alikuwa ameegemea ukuta wa udongo, mkono wake wa kulia umechanika chini ya kiwiko, na damu imeruka mpaka kwenye mbao.

Alifanya alichofundishwa. Akatoa mkanda wa kubana damu, akaufunga juu ya kiwiko, akazungusha kijiti chake mpaka damu ikakata. Hapo hakukosea hata kidogo. Hatari ikiwa bado juu, unafunga kwanza, maswali baadaye.

"Nimepona?" Yaryna aliuliza, midomo imemkauka.

"Umepona."

"Basi acha kulia, unanidondoshea machozi machoni."

Akaita gari kwa redio. Gari likajibu haliwezi kuja, anga imejaa ndege za adui, wasubiri giza. Na giza lilikuwa mbali.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye jambo. Mkanda ule unaokoa, lakini pia unaua. Mkono usiopata damu unakufa polepole. Kwa hiyo gari likichelewa, kabla saa mbili hazijapita, tabibu anatakiwa alishindilie jeraha kwa bandeji, alifunge kwa kulibana, kisha aulegeze mkanda taratibu, atazame. Damu ikitulia, mkono umepona. Lukyan alikuwa ameshawafanyia hivyo askari wengi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wapya. Yaryna mwenyewe alifundishwa naye.

"Famasi," Yaryna alimwita. "Muda umefika. Legeza."

"Bado."

"Bado kitu gani?"

"Bado kidogo, mpenzi. Tulia."

Akakishika kijiti cha mkanda. Vidole vikakataa. Alikuwa anaona ile damu kwenye mbao, anaona ikiruka tena, safari hii isizuilike, Yaryna akimfia mikononi. Akakiachia. Akamchoma Yaryna sindano ya maumivu.

"Lukyan… legeza, bwana."

"Bado, nimekwambia."

Yaryna akasinzia. Lukyan akajiambia dakika chache tu, nitulie kwanza. Akajiambia hivyo tena na tena. Na mkanda ukishakaa mno, basi tena, huugusi. Ukiulegeza, sumu ya ule mkono inaingia mwilini na mtu anakufa. Alipopata moyo wa kuugusa, ruhusa ya kuugusa ilikuwa imekwisha. Akabaki amekaa pale, ameushika mkono uliokuwa unabadilika rangi, akijua anachokitazama.

Gari lilipofika, daktari wa kituo alimuuliza, "Hamkuulegeza?"

"Hapakuwa na nafasi," Lukyan alijibu. "Tulikuwa tunapigwa."

"Pole, kijana. Umemwokoa lakini."

Hivyo tu. Mkono ukakatwa juu ya kiwiko. Lukyan akapewa nishani, akapigwa picha, na wenzake wakampigapiga mgongoni mpaka akataka ardhi ipasuke immeze. Yaryna alipopiga mara ya kwanza kutoka hospitali, Lukyan aliitazama simu ikiita mpaka ikachoka. Ya kwanza ilimshinda kwa aibu, ya pili ikamshinda kwa sababu hakupokea ya kwanza. Mnajua wenyewe mambo hayo yanavyokwenda.

*

Mwezi Machi, theluji ikiwa imegeuka matope, kamanda alimwita.

"Famasi, kuna kozi ya watabibu kule Poltava. Unawapeleka wapya wetu, na wewe unakaa nao mpaka wamalize."

"Mimi, afande? Si aende mwingine?"

"Mkufunzi kakutaja wewe kwa jina."

"Mkufunzi gani?"

"Utamwona," kamanda alisema, akainamia karatasi zake.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja. Lukyan alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mlango wa mbele ukafunguliwa. Yaryna aliingia na sare yake safi, nywele amekata fupi, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakumtazama.

"Habari za asubuhi, watoto wazuri. Naitwa Nyuki. Mwenye usingizi anawe uso, mwenye mapenzi azime simu."

Wakacheka.

"Leo nawapa kisa. Majeruhi ana jeraha chini ya kiwiko. Tabibu kafunga mkanda vizuri kabisa. Gari haliji. Anga haina usalama, lakini handakini kumetulia. Bandeji zipo, tabibu ni mzima na ana uzoefu. Afanye nini?"

Binti mmoja wa mstari wa mbele, Uliana, ndiyo kwanza ametoka shule, akanyoosha kidole.

"Ashindilie, afunge kwa kubana, alegeze mkanda."

"Vizuri. Huyu hakulegeza. Majeruhi alimwomba, akasema bado. Akamwomba tena, akasema bado. Majeruhi alikuwa anaona jua linahama kutoka ukuta huu wa handaki kwenda ule, kwa hiyo alijua anadanganywa, ila dawa ilikuwa imeshamchukua. Hospitalini daktari wa upasuaji akamwambia, 'Dada, jeraha lako lilikuwa la kushona tu.'" Yaryna akagusa ile pini. "Haya. Mnamhukumu vipi huyo tabibu?"

"Mjinga," mmoja alisema.

"Si mjinga. Alikuwa mwalimu wangu."

Uliana akaruka.

"Basi huyo ni mbaya zaidi! Afukuzwe! Asiguse mtu tena, asiguse hata mbwa!"

"Alipewa nishani," Yaryna alisema kwa upole.

"Nishani? Na akaipokea? Hana aibu!"

Mkono wa Lukyan ulikuwa juu ya mfuko wa koti, pale alipokuwa akiiweka ile nishani kwa sababu hakuthubutu kuivaa wala kuitupa.

"Kwa nini hakulegeza?" Yaryna aliuliza, na sasa ndipo alipoinua macho mpaka mstari wa nyuma. "Nani anajua?"

Lukyan akasikia sauti yake mwenyewe inatoka, nyembamba.

"Aliogopa."

Vichwa vyote vikageuka.

"Aliogopa nini?"

"Kumwona anatoka damu tena."

"Wengine hakuwaogopea?"

"Wengine hakuwa… wengine walikuwa wagonjwa tu."

Yaryna akamtazama kwa muda. Alikuwa anangoja. Darasa zima halikujua anangoja nini, lakini Lukyan alijua. Kilichobaki ilikuwa ni kusimama na kusema ni mimi. Maneno mawili. Akafumbua mdomo, akamwona Uliana na macho yake makali, akaufumba.

"Kaa vizuri, Famasi," Yaryna alisema hatimaye, ingawa Lukyan alikuwa amekaa. "Tuendelee."

*

Lukyan alimfuata koridoni wakati wa chai.

"Yaryna."

"Samahani, tunafahamiana?"

"Yaryna, tafadhali."

"Aa, wewe! Yule wa simu mbovu! Imetengenezwa?"

"Nisikilize kwanza."

"Nikusikilize?" Akaweka kikombe dirishani kwa nguvu, chai ikamwagika. "Nimekusikiliza tangu nikiwa kitandani! Nimesikiliza simu ikiita mpaka wimbo wake nimeukariri. Leo nimekupa nafasi mbele ya watu, nikaisukuma mpaka miguuni pako. Umefanya nini?"

"Nimekaa."

"Umekaa. Bingwa wa kukaa."

"Naona aibu, Yaryna. Nikikuona naona ule mkono unavyobadilika rangi. Nilikuwa sina uso wa kukutazama."

"Mkono ningekusamehe!" Sauti yake ikapanda, mtu akachungulia mlangoni, akarudi ndani. "Ungekuja ukakaa pembeni ya kitanda ukasema, Yaryna, niliogopa. Ningekutukana. Ningekurushia sahani kwa mkono wa kushoto, ningekosa shabaha, tungeishia hapo. Wewe ulifanya nini? Ulinyamaza. Na mimi nikakaa nikijiuliza, mbona hapokei? Nikajiangalia. Nikasema, eh, ni hiki kigutu. Kimemkinaisha."

"Hapana! Haki ya Mungu hapana!"

"Nilijuaje? Nilivaa sweta Julai, Lukyan. Julai! Nilifunika kioo cha kabati kwa shuka. Shoga yangu alipoolewa sikwenda, nikasema naumwa. Aibu ilikuwa yako, ukaniachia mimi niivae."

Lukyan alikuwa amejiona mwenye dhambi moja muda wote huo, ameizunguka hiyo moja usiku na mchana, kumbe ya pili alikuwa anaitenda kila siku simu ilipoita. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Usinililie," Yaryna alisema, lakini naye alikuwa analia. "Kwetu bado wanakuombea. Mama yangu anasimama kanisani anakuwashia mshumaa, na mimi nakaa pembeni najua. Sijamwambia. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu si siri yangu."

Akachukua kikombe chake, akaondoka.

*

Lukyan alikwenda nyuma ya ukumbi, penye rundo la theluji chafu, akapiga namba ya Stefania, ambayo hakuwahi kuipiga hata siku moja. Safari hii vidole havikukataa.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Shangazi Stefa, ni Lukyan," alisema, maana kwao mama wa mwenzio huitwa hivyo.

"Yesu wangu! Mwanangu! Uko hai? Umekula?"

"Shangazi, nina neno. Naomba usinikatize, nikikatizwa sitaweza."

Akamwambia yote. Mkanda, saa, zile bado zake mbili, uongo aliomwambia daktari, nishani. Upande wa pili kuku walikuwa wanalia uani, na mama hakusema kitu mpaka mwisho.

"Rudia," alisema.

"Mkono wa Yaryna ungepona, shangazi. Ni mimi niliyeua mkono wake."

Sauti ikaja, wala haikuwa ya kupiga kelele, na hiyo ndiyo ilimuumiza.

"Unajua mimi nilimwambia nini binti yangu? Ulipokuwa hupokei simu? Nilimwambia, 'Msahau, mwanangu. Wanaume hawaoi mwanamke asiye na mkono, ndivyo walivyo, zoea.' Mimi mama yake mzazi. Akasema, 'Sawa, mama.' Akaenda kufunika kioo. Nimemwambia hayo kwa sababu yako, huku nakujazia matango kwenye chupa!"

"Shangazi…"

"Usiniite shangazi!"

Ikakatika. Baada ya muda meseji ikaingia: "Matango uliyokula yakukwame kooni."

Lukyan akaandika: "Sikuyala. Yalinishinda." Haikujibiwa.

Asubuhi iliyofuata, kabla Yaryna hajafungua mdomo, Lukyan alitoka mstari wa nyuma akatembea mpaka mbele. Akatoa nishani mfukoni, akaiweka juu ya meza ya mwalimu.

"Tabibu wa kisa cha jana ni mimi," alisema. "Naitwa Lukyan, redioni Famasi. Niliwaambia wakubwa tulikuwa tunapigwa. Hatukuwa tunapigwa. Leo nimemwandikia kamanda, ataamua yeye. Mkiwa na swali, niulizeni. Hata la matusi."

Uliana alikuwa amegeuka mwekundu mpaka shingoni.

"Kaka… jana mimi nilisema tu."

"Ulisema kweli. Usiifute."

"Basi nina swali. Tukiwa na mtu tunayempenda pale chini, tufanyeje?"

Lukyan akamtazama Yaryna. Yaryna alikuwa anatazama sakafu.

"Mpe mwenzako alegeze," alisema. "Kama huna mwenzako, mwambie ukweli. Sema naogopa. Yule atakwambia la kufanya. Mimi wangu aliniambia mara mbili."

Walimuuliza maswali mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana, maana ile huruma ya vijana wadogo ilimchoma kuliko maneno ya Uliana.

Yaryna alimkuta baadaye kwenye ngazi za nje, amejikunyata.

"Mama kapiga simu," alisema, akasimama mbali kidogo. "Kaniomba radhi. Mama yangu! Hajawahi kuomba radhi hata kwa padri."

"Na mimi kanisemaje?"

"Matusi mengine sijui kayatoa wapi, nilidhani vijijini hayajafika. Halafu kapumua, kauliza, 'Kwa hiyo huyo mpumbavu muda wote huo alikuwa hali matango yangu?'"

Lukyan akacheka na kulia kwa pamoja, kitu kikamtoka puani, akakifuta kwa mkono wa koti.

"Yaryna, nifanye nini?"

"Sijui. Mimi bado nina hasira. Nikiwa nafunga kamba za viatu kwa meno nina hasira sana." Akaushika mlango. "Rudi handakini kwako. Siku nikipiga, pokea."

*

Kamanda aliichukua nishani, akamfokea Lukyan mpaka handaki la pili wakasikia, kisha akamrudisha kazini, kwa sababu watabibu walikuwa wachache na aibu haifungi jeraha. Ila akamwekea sharti: kila mkanda unaofungwa, Lukyan aseme kwa redio ameufunga, na aseme akiulegeza, kila mtu asikie. Lukyan akatii. Bomba alipousikia ukweli alikaa kimya muda mrefu, jambo ambalo kwake ni maradhi.

"Ningekuwa mimi, ningefanya hivyohivyo," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana wewe umepewa bunduki."

Simu iliita siku moja wakiwa wanakunywa supu. Lukyan aliirukia, bakuli likamwagikia Bomba mapajani.

"Haloo! Yaryna! Haloo!"

"Mbona unahema? Mnapigwa?"

"Hapana. Niliwahi simu."

Akamsikia anacheka. Hakuwa amekisikia kicheko hicho karibu mwaka mzima.

"Nimeota unaiba mkasi wangu," Yaryna alisema. "Nikaamka nimekukumbuka, nikakasirika. Haya, niambie umekula nini."

Ikawa hivyo. Anapiga, anapokea. Siku nyingine waligombana, siku nyingine Yaryna alinyamaza tu na Lukyan akakaa naye kwenye kile kimya bila kukikimbia. Mpaka siku moja Julai Yaryna akauliza kama anayeuliza bei ya viazi:

"Likizo yako lini?"

"Agosti."

"Uje kijijini. Uje na shati safi, na watu wako."

"Watu wangu wa nini?"

"Lukyan, hivi kweli ulisoma chuo wewe?"

Bomba, aliyekuwa ametega sikio, alipiga ukelele ambao ungeweza kuamsha upande wa pili wa vita.

*

Kanisa la kijijini lilijaa. Kamanda hakuweza kuja, lakini Bomba alikuja na suti iliyombana, Panas akaja, Uliana akaja na maua ya alizeti makubwa kuliko kichwa chake. Stefania alikaa mbele. Alikuwa amemsalimia Lukyan mlangoni kwa mkono tu, akamwambia, "Umekonda." Hiyo ikawa ndiyo salamu.

Lukyan alisimama mbele ya altare na shati lake la kutariziwa, na aibu yake. Kila mama mzee alipomtazama kwa upendo, ilimrudi. Alikuwa amemwuliza Yaryna kama wautangaze ukweli. Yaryna akamjibu, "Walioumia wanajua. Wengine wamekuja kula."

Ikafika ile sehemu. Padri akachukua kitambaa kirefu cha kitani kilichotariziwa kwa uzi mwekundu, kile cha kuwafunga maharusi mikono, wa kulia kwa wa kulia. Akamgeukia bibi harusi, akakumbuka, akababaika.

"Ee… binti yangu, labda tutumie wa kushoto?"

Yaryna alikuwa amevaa shati la mikono mirefu. Akaachia pini kwa meno, akaukunja mkono wa shati juu, mbele ya kanisa zima, kigutu kikabaki wazi kwenye mwanga wa mishumaa. Mtu nyuma akashusha pumzi. Stefania akaweka kiganja mdomoni.

"Huuhuu, Padri," Yaryna alisema. "Funga hapa."

Lukyan akauweka mkono wake wa kulia chini ya kile kigutu, akakishika. Kilikuwa na joto. Alikuwa hajawahi kukigusa. Padri akazungusha kitambaa, mara ya kwanza, mara ya pili, akafunga fundo.

"Ila kufungua ufungue wewe mwenyewe, Padri," Yaryna aliongeza, sauti inasikika mpaka mlangoni. "Usimwachie huyu."

"Yaryna!" Stefania alifoka.

Watabibu wakaangua kicheko, wakajizuia, wakashindwa. Masikio ya Lukyan yaliwaka moto. Wanakijiji wakatazamana, hawakuelewa, wakacheka na wao.

Padri akaanza sala. Ilikuwa sala ndefu. Lukyan hakuisikia. Alikuwa anatazama fundo, anatazama ngozi chini ya kitambaa, kama inapauka, kama ina rangi yake. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikaenda vyenyewe. Vikalishika fundo, vikalivuta taratibu, likaachia.

Padri akanyamaza katikati ya neno.

"Kijana, sala haijaisha."

"Najua, Padri. Nisamehe." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola. "Naogopa."

Yaryna akamtazama huyo mwanaume wake, mwekundu, amelowa, kitambaa kinaning'inia mkononi. Akamsogelea mpaka mabega yakagusana.

"Endelea tu, Padri," alisema. "Tumeshikana wenyewe."